Digrii ya Uuguzi kwa Njia ya Mkato: Nani Hupokelewa, na kwa Karatasi Gani

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na mshauri wa masomo, ambaye pia ni mwuguzi kwa kazi, mbele ya wakaazi katika ukumbi wa jumuiya. Tunayachapa kwa kuwa wengi walikosa mahali pa kuketi. Ukimaliza kusoma, mpe jirani karatasi hii.

 Asanteni kwa kuitika wito, tena siku ya mgao, najua wengine wameacha foleni.

Kuna swali moja linaloletwa kwenye dawati letu la elimu kuliko mengine yote. Mtu anakuja na simu mkononi, ananionyesha ujumbe kutoka kwa shemeji au dada aliye Marekani: "Hapa uuguzi unasomwa mwaka mmoja tu, unapata digrii." Kisha ananiuliza: je, ni kweli? Nawajibu leo wote kwa pamoja. Ni kweli. Lakini si kwa kila mtu, na huo mwaka mmoja ni wa mwisho katika safari ya miaka kadhaa. Anayeuhesabu kuwa wa kwanza atapoteza pesa na muda.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja ili mtu asitoke hapa na tumaini la uongo. Mpango wa Marekani wa kuwapokea wakimbizi ulisimamishwa tarehe 27 Januari 2025, na familia zilizokuwa tayari zimepangiwa ndege zilibaki kambini. Hakuna fomu ya chuo cha uuguzi itakayomweka mtu kwenye ndege. Anayekuuzia fomu ya namna hiyo, awe ndani ya kambi au mjini, ni mwizi, na jina lake liletwe kwa ofisi ya ulinzi. Nazungumza habari hii kwa ajili ya watu wa aina tatu: walio na ndugu waliokwisha fika huko ambao karatasi zao ziko hapa au kule nyumbani, wenye digrii ambao wanazeeka nazo ndani ya sanduku, na vijana wanaochagua masomo ya sekondari mwaka huu.

Sasa, hii njia ya mkato ni nini? Chuo cha Saint Louis, kule Missouri, kiliianzisha mwaka 1971, na leo iko katika majimbo mengi. Wazo lenyewe ni rahisi. Digrii ya kawaida ya uuguzi Marekani ni miaka minne. Karibu miaka miwili ya mwanzo ni masomo ya jumla: lugha, historia, hesabu, sayansi za msingi. Mtu aliye na digrii ya kitu kingine, tuseme ya ualimu au ya kilimo, ameshayapitia hayo. Kwa hiyo anasamehewa, anabakiza masomo ya uuguzi yenyewe na mazoezi ya hospitali, na hayo yanabanwa katika miezi 11 hadi 18. Hakuna kilichopunguzwa katika uuguzi. Saa za wodini ni zile zile. Ndiyo maana vyuo huwaambia wanafunzi wasifanye kazi ya mshahara katika miezi hiyo, na kwa mtu mwenye watoto watano na kodi ya nyumba, shauri hilo si dogo.

Mnaona basi sharti la kwanza linatoka wapi. Lazima uwe na digrii kamili, na iwe ya fani nyingine isipokuwa uuguzi. Hapa ndipo watu wetu wengi hujikwaa, hasa wale waliotoka Kongo, kwa sababu ya majina ya vyeti. Diplome d'Etat si digrii. Ni cheti cha kumaliza sekondari. Graduat ya miaka mitatu, ile ya G3, kwa kawaida wapimaji wa Marekani huihesabu kama sehemu ya digrii, haitoshi. Lisansi ya mfumo wa zamani, yaani miaka mitatu ya graduat na miwili juu yake, ndiyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa digrii. Kwa hiyo mwalimu mwenye lisansi ya pedagojia anaweza kuomba njia hii ya mkato, na mwuguzi wa A1 mwenye uzoefu wa miaka kumi hawezi. Najua inaudhi. Nimeona sura za watu zikibadilika nikiwaambia hivyo. Lakini msikie kwanza mpaka mwisho.

Mwuguzi aliyekwisha kuwa mwuguzi hana haja ya njia hii hata kidogo. Wewe wa A1 uliyesoma ISTM, na zaidi wewe wa A0, usirudi darasani kujifunza kupima presha. Ndugu yako aliye Marekani mwenye vyeti hivyo apeleke masomo yake yapimwe kama mwuguzi wa nchi ya nje. Shirika linalojulikana zaidi kwa kazi hiyo liliitwa CGFNS kwa miaka mingi, na tangu 2025 linaitwa TruMerit. Bodi ya wauguzi ya jimbo analokaa itasoma ripoti hiyo, na ikiridhika itamruhusu kufanya mtihani wa leseni, unaoitwa NCLEX-RN. Pengine itamwambia: umepungukiwa saa za uuguzi wa magonjwa ya akili, au wa watoto, kasome somo hilo. Kusoma somo moja ni afadhali kuliko kuanza upya kwa deni la makumi ya maelfu ya dola. Nawaomba mpeleke habari hii kwa simu leo hii, kwa sababu wauguzi wetu wengi wamefika huko wakaambiwa na watu wasiojua kwamba vyeti vya Kongo ni karatasi za kufungia maandazi.

Wa A2 hali yake ni tofauti. A2 ni ngazi ya sekondari, na bodi nyingi zitaiona hivyo. Nitarudi kwake.

Turudi kwa yule mwenye lisansi. Digrii peke yake haimfungulii mlango. Chuo kitamtaka awe amesoma, katika ngazi ya chuo na kwa maabara, anatomia na fiziolojia ya mwili wa binadamu, maikrobayolojia, na mara nyingi kemia. Tena takwimu, lishe, na saikolojia ya ukuaji wa binadamu. Aliyesoma sheria au pedagojia hana masomo haya, na itambidi ayasome kwanza. Mahali pa bei nafuu ni vile vyuo vya miaka miwili vya wilaya ambavyo huko huitwa komyuniti koleji. Vyuo vingi vya uuguzi havikubali sayansi iliyosomwa zamani sana. Wengine husema miaka mitano, wengine saba, wengine kumi. Digrii haiozi, lakini somo la anatomia linaoza. Kwa hiyo asikimbilie kulisoma kama Kiingereza chake bado kinamzuia kuomba.

Kiingereza ni mlima. Mtu aliyesoma kwa Kifaransa ataombwa alama za TOEFL au IELTS. Katika IELTS wengi hudai 6.5 au 7, na alama hizo hazipatikani kwa kusikiliza redio. Zinataka mazoezi ya kuandika kila juma na mtu wa kukusahihisha.

Halafu kuna wastani wa alama. Vyuo vingi vinataka 3.0 katika kipimo cha 4.0. Hapa nawaomba mtulie kidogo, maana kuna jambo ambalo limewakatisha watu tamaa bure. Kongo na Burundi profesa hatoi 90. Mtu aliyepata asilimia 65 amefaulu kwa "satisfaction", na mwenye 72 ana "distinction" na kijiji chote kinajua. Marekani, 65 ni karibu na kuanguka. Mtu akichukua alama zake za Bukavu akazilinganisha mwenyewe na za Marekani, atajiona mjinga na ataacha. Usizilinganishe mwenyewe. Ziko taasisi za kupima vyeti, kama WES ya New York na ECE ya Milwaukee, na kazi yao ni kusoma alama kwa mujibu wa nchi zilikotoka. Wanajua "distinction" ni nini.

Na sasa nafika kwenye karatasi, ambalo ndilo hasa limenileta hapa, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri, na hili haliwezi.

Mpimaji hatosheki na nakala uliyonayo mkononi. Anataka orodha ya alama za kila mwaka, zile relevés, na mara nyingi anataka zitoke chuoni kwenyewe, katika bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Maana yake ni kwamba mtu fulani lazima aende kwenye ofisi ya apparitorat, alipe ada, asubiri, afuatilie. Tangu mapigano yalipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, mnajua wenyewe kazi hiyo imekuwaje. Lakini ofisi iliyofungwa mwezi huu pengine itafunguliwa mwezi ujao, na aliyekwisha andika barua yake ndiye atakayepata kwanza. Andika barua. Taja jina lako kama lilivyoandikwa chuoni, kitivo, miaka uliyosoma, namba ya kujiandikisha kama unaikumbuka. Mpe ndugu unayemwamini barua ya kumruhusu kuchukua kwa niaba yako. Ukipata nafasi moja, omba bahasha mbili au tatu badala ya moja.

Lakini kuna mpaka. Usivuke kurudi nyumbani kwa ajili ya diploma. Kwanza ni maisha yako. Pili, mkimbizi anayerudi katika nchi aliyoikimbia anaweza kuulizwa kama bado anahitaji ulinzi. Na kama ulikimbia kwa sababu watu fulani wanakutafuta, usipeleke barua yenye anwani ya kambi kabla hujaongea na ofisa wa ulinzi. Yeye atakushauri namna ya kufanya bila kujitangaza.

Jambo jingine ni majina. Kwenye diploma umeandikwa kwa majina matatu, kwenye kadi ya ukimbizi mawili, tena yamegeuzwa, na mwaka wa kuzaliwa ni mwingine kwa sababu karani wa mapokezi alikuwa amechoka. Hapa kambini hakuna anayejali. Siku ya kuomba chuo au leseni, tofauti hiyo itasimamisha kila kitu, na kuirekebisha ukiwa nchi ya tatu ni vigumu mno. Nendeni kwenye ofisi ya uandikishaji sasa, na diploma mkononi, muombe masahihisho. Msijaribu kurekebisha diploma yenyewe kwa wino. Cheti kimoja kilichochezewa huharibu vyeti vingine vyote ambavyo ni vya kweli.

Wahudumu wa afya ya jamii, wakunga wasaidizi, wafanyakazi wa motisha katika zahanati, nina neno lenu. Vyuo huomba barua za wadhamini na ushahidi kwamba mwombaji anaijua kazi ya wagonjwa. Mnao ushahidi, ila haujaandikwa. Ombeni barua kwa msimamizi wenu yenye tarehe ya kuanza, kazi mliyofanya, saa kwa juma, sahihi na muhuri. Ombeni shirika likingali hapa. Mwaka 2025 tumeona misaada ikikatwa na ofisi zikifungwa katika majuma machache, na walioondoka waliondoka na mihuri yao.

Hata kadi ya chanjo ni karatasi ya chuo. Mwanafunzi wa uuguzi haingii wodini bila kuonyesha chanjo za homa ya ini aina ya B, surua na nyinginezo, na kipimo cha kifua kikuu. Wengi wetu tulichanjwa BCG utotoni, na kile kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba ingawa mtu si mgonjwa. Asishtuke, kuna kipimo cha damu, na picha ya kifua. Chuo pia hukagua rekodi ya polisi ya mtu kwa miaka aliyokaa Marekani. Hilo nalipita haraka, anayehusika anajijua.

Hesabuni basi pamoja nami. Mwalimu mwenye lisansi amefika Marekani leo. Kiingereza, mwaka mmoja au miwili. Kupimwa vyeti kunaweza kwenda sambamba. Sayansi, mwaka mmoja, jioni baada ya kazi. Kuomba na kusubiri, miezi kadhaa. Kisha ule mwaka mmoja au mwaka na nusu unaotajwa kwenye simu. Ni kama miaka minne mpaka mitano. Na pesa: ruzuku ya serikali iitwayo Pell hapewi mtu aliyekwisha kuwa na digrii. Atakopa, labda apate mfadhili. Simkatazi. Namwambia ahesabu.

Na yule asiye na digrii, pamoja na wa A2 niliyesema nitamrudia? Kwake njia ya mkato imefungwa, lakini iliyo wazi si mbaya, na kwa maoni yangu kwa wengi wetu ni bora. Anaanza kama msaidizi wa wauguzi. Sheria ya nchi nzima inadai mafunzo yasiyopungua saa 75, majimbo mengine yanadai zaidi. Ndani ya miezi michache ana mshahara. Kisha anaomba uuguzi wa miaka miwili katika komyuniti koleji, na mwishoni hufanya NCLEX-RN ile ile inayofanywa na mwenye digrii. Mgonjwa hatajua tofauti. Digrii anaimalizia baadaye akiwa kazini, na mara nyingine hospitali humsaidia ada.

Baada ya mazungumzo, wakaazi waliuliza maswali. Tumechapa machache.

Mama mmoja: Mwanangu alisoma udaktari miaka miwili Bukavu, tukakimbia. Miaka hiyo imepotea?

Jibu: Haijapotea, mama. Haimpi digrii, kwa hiyo njia ya mkato si yake. Lakini kama ana alama za anatomia na kemia, chuo kinaweza kuzihesabu katika masomo ya kawaida. Aombe relevés za miaka hiyo miwili, hata kama hakumaliza. Watu wengi huomba karatasi za walichomaliza tu, na kuacha zile za walichokatizwa.

Mzee mwalimu: Nina lisansi ya mwaka 1998. Nina miaka hamsini na miwili. Nisijisumbue?

Jibu: Mzee wangu, digrii yako ni halali, na sijaona chuo cha huko kinachoweka mwisho wa umri. Lakini niseme kama mwuguzi: ni kazi ya kusimama saa kumi na mbili na kuinua watu wazito. Wewe unajua mgongo wako. Lisansi hiyo ingeweza pia kupimwa kwa kazi ya ualimu, na hapo ungeanza karibu zaidi.

Msichana wa kidato cha pili: Mimi sina ndugu Marekani. Nifanye nini?

Jibu: Uuguzi unasomwa hapa Kenya pia, dada. Kwa diploma utahitaji wastani wa C katika KCSE, na kwa digrii C+, pamoja na alama nzuri za Bayolojia na Kiingereza au Kiswahili, na sayansi nyingine kama Kemia. Usiache Kemia kwa sababu mwalimu ni mkali. Baraza la Wauguzi la Kenya humwandikisha kila mwanafunzi, na huangalia alama hizo. Aliyemaliza sekondari Kongo au Burundi apeleke cheti chake kilinganishwe. Kuhusu ada, uko ufadhili wa DAFI, ambao tangu 1992 umesomesha wakimbizi katika nchi walizokimbilia, na kwa kawaida kuna kikomo cha umri kwa anayeanza. Uko pia mpango wa WUSC wa Kanada, ulioanza 1978, unaowachukua vijana kutoka Kakuma na Dadaab. Nafasi ni chache, na matangazo hubandikwa kwenye ubao wetu. Yote hayo ni bure kuomba.

Mama mwingine: Diploma yangu iliungua na nyumba.

Jibu: Pole sana. Iliyoungua ni karatasi, lakini jina lako huenda bado limo katika daftari la chuo. Unaomba cheti cha kuthibitisha kwamba ulifaulu. Njoo dawatini na chochote ulicho nacho: picha ya mahafali, kadi ya mwanafunzi, majina ya wenzako wa darasa moja walio hai. Tutaandika barua pamoja.

Dawati la elimu hupokea watu Jumanne na Alhamisi, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Njooni na nakala, karatasi halisi ziacheni nyumbani, ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na jiko.